Watumishi wa hospitali wakati wa janga: namna ya kuwapa habari na kuwashika mkono

Anza kwa kuchagua saa. Kila siku, kwenye makabidhiano ya zamu ya asubuhi na tena ya jioni, mtu mmoja anayefahamika asimame mbele ya watumishi awaeleze hali ilivyo. Dakika kumi zinatosha. Niliongoza wodi ya wagonjwa wa UVIKO-19 nikiwa muuguzi mfawidhi, na niliona kwamba watumishi wanaweza kuistahimili habari mbaya. Kinachowavunja nguvu ni ukimya. Wagonjwa wakifurika usiku, wao ndio waliowapokea, kwa hiyo wanajua. Wasichojua ni kama uongozi nao unajua, na umekusudia kufanya nini.

Mpangilio wa taarifa usibadilike, ili hata aliyechoka ajue asikilize wapi: nini kimebadilika tangu jana, vifaa vilivyobaki, hali ya wenzetu wanaougua, na taarifa nyingine itatoka saa ngapi. Kwenye vifaa, taja idadi. Ukisema tu "vifaa vipo", kila mtu ataingia stoo kuhesabu mwenyewe, na wengine wataficha barakoa kabatini. Sema: barakoa za N95, zile zinazochuja hewa, zinatutosha hadi Ijumaa, mzigo tulioahidiwa haujafika, na usipofika Alhamisi jioni tutafanya hivi na hivi. Nimeona watumishi wakitulia kwa maneno kama hayo, kwa sababu sasa wana jambo la kupanga.

Pale ambapo jibu halijapatikana, litamkwe hivyo hivyo: "Hilo bado hatujalijua, tumeuliza, mtajibiwa kesho saa mbili asubuhi." Kisha kesho saa mbili uwe pale, hata kama jibu lenyewe halijafika. Ahadi ya saa ikivunjwa, tetesi zinashika usukani.

Miongozo itabadilika, na jambo hili liwekwe wazi tangu siku ya kwanza. Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wazima wa afya wavae barakoa mitaani. Juni mwaka huo huo likashauri barakoa za kitambaa mahali ambapo watu hawawezi kuachiana nafasi. Ugonjwa mpya hufundisha unapoendelea, na wataalamu hujifunza wakiwa kazini kama sisi. Kwa hiyo mwongozo ukibadilika, mtangazaji aseme jana tulielekezwa nini, leo tunaelekezwa nini, na sababu ya mabadiliko. Kila waraka uandikwe tarehe na saa, na ule wa zamani ubanduliwe ukutani siku hiyo hiyo. Mtu aliyevaa gauni tayari kuingia kwa mgonjwa hapaswi kusimama mbele ya karatasi mbili zinazopingana.

Kundi la WhatsApp lina faida yake, lakini liwe na watu wawili tu wanaoruhusiwa kutuma. Maswali yawe na mahali pake pengine. Na asiye zamu asilaumiwe kwa kutosoma ujumbe saa tano usiku. Alikuwa amelala, na usingizi wake tunauhitaji.

Sasa jiulize nani hayumo katika hilo kundi. Msafishaji anayebeba taka za wodi, wafua mashuka, mlinzi wa getini ambaye ndiye wa kwanza kukutana na mgonjwa anayekohoa, dereva wa gari la wagonjwa, wahudumu wa mochari, wanafunzi wa uuguzi, walioajiriwa na kampuni ya mkataba. Hawa wanavuta hewa ile ile. Wapewe taarifa ile ile, siku ile ile, kwa lugha nyepesi, na mtu anayewafuata walipo. Zamu ya usiku vivyo hivyo: mkubwa mmoja afike wodini usiku, aulize, asikilize.

Habari pia lazima zipande juu. Tuliweka daftari la maswali kwenye meza ya wauguzi, na kila swali liliandikiwa jibu pamoja na jina la aliyejibu. Sehemu hii wakuu wengi huipuuza, nami naiona ndiyo nguzo. Anayesema glavu zimekwisha, au gauni zinachanika, analinda maisha. Akitishwa mara moja tu, wenzake wote watanyamaza. Katika mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2015 ilionyesha kwamba watumishi wa afya walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa ulio mkubwa mara 21 hadi 32 kuliko ule wa watu wazima wengine. Ndiyo maana mafunzo ya kuvaa na kuvua vifaa vya kujikinga yarudiwe pale pale wodini, na wakati wa kuvua, ambao ndio wenye hatari kubwa, awepo mwenzako anayekuangalia na kukutajia hatua moja baada ya nyingine.

Lipo swali ambalo kila mtumishi analo moyoni na wengi wanaona haya kuliuliza: nikiugua mimi, itakuwaje? Lijibu kwa maandishi kabla halijaulizwa. Atapimwa wapi na majibu yatachukua muda gani. Atalazwa wapi. Mshahara wake ukoje akiwa karantini. Nani atapiga simu nyumbani. Anayeishi na mzazi mzee au mtoto mgonjwa ana mahali pengine pa kulala? Mjamzito au mwenye pumu atahamishiwa kitengo gani, bila kuomba mbele ya watu? Karatasi moja yenye majibu haya, iliyosainiwa na mwenye mamlaka, huondoa hofu kuliko hotuba yoyote ya kututia moyo.

Msaada wa mwili utangulie. Maji ya kunywa, chakula cha zamu ya usiku, choo kilicho karibu, usafiri wa kurudi nyumbani usiku, na chumba cha kukaa bila barakoa ambacho madirisha yake yanafunguka. Saa za kukaa ndani ya vifaa vya kujikinga ziwe na kikomo, na msimamizi akilinde kikomo hicho hata wodi ikiwa imejaa.

Kwa maumivu ya moyo, panga watu wawili wawili, kila mmoja amjulie hali mwenzake mwanzoni na mwishoni mwa zamu. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia hufundishwa kwa hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha mtu na msaada. Hauhitaji kuwa mshauri nasaha ili kuona kwamba mwenzako ameacha kula. Usimlazimishe mtu asimulie alichokiona mara tu baada ya kifo kigumu. Kaa naye, na umpe namba ya mtaalamu ambaye anayoambiwa hayamfikii mkuu wa kazi.

Na wenzetu watakufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 huenda watumishi wa afya 80,000 hadi 180,000 walikufa kwa UVIKO-19 duniani. Familia iambiwe kwanza, kisha wodi yake iambiwe kwa mdomo kabla hawajaisoma kwenye simu. Tafuta wa kushika zamu ili waliokuwa karibu naye watoke kidogo. Jina lake litajwe kwenye makabidhiano.

Wimbi likianza kushuka, taarifa zisikatwe ghafla. Zitoke kila siku ya pili, kisha kila wiki. Huo ndio wakati ambao watu huanguka, kwa sababu walikuwa wamejikaza. Ratiba ya likizo iandikwe wimbi likiwa bado linashuka, na waliofungua wodi ya kwanza ya wagonjwa hao ndio watangulie kupumzika.