Kurekebisha renjifaida ya FED 2 kwa kipande cha kioo, kabla hujamaliza pesa kwa filamu

Mwanafunzi mmoja wa Maseno aliniletea FED 2, kamera ya zamani ya filamu ya Kisovieti, aliyoagiza kutoka Ukraine. Mwili safi, ngozi haijabanduka, shata (pazia la kitambaa linaloruhusu nuru kufikia filamu) inalia vizuri. Lakini picha za nyanyake zilitoka uso umefifia, na pazia lililo nyuma yake limeonekana uzi kwa uzi. "Ankal, si lenzi ndiyo imekufa?" Lenzi ilikuwa nzima. Renjifaida, yaani kifaa cha ndani cha kupimia umbali, ndiyo ilikuwa inadanganya.

Kamera hizi hazina kioo cha kukuonyesha kile ambacho lenzi inakiona. Unachungulia kupitia dirisha la pembeni, unaona kiraka chenye picha mbili, unazungusha lenzi mpaka picha hizo zilaliane. Ndani kuna mkono unaosukumwa na sehemu ya nyuma ya lenzi, na mkono huo ndio unaosogeza picha ya pili. Mkono ukihama hata kidogo tu, dirisha litakuambia "tayari" huku filamu ikipokea kitu kingine. Kamera iliyotengenezwa Kharkov kati ya 1955 na 1970, ikapita mikononi mwa watu na kwenye magunia ya posta, ina kila sababu ya kuhama.

Hatua ya 1: Hakikisha una kamera inayofaa kazi hii

Naandika kuhusu FED 2 kwa sababu mbili. Mgongo wake wote hutoka pamoja na kitako, kwa hiyo unafika pale filamu inapolala bila kufungua skrubu hata moja. Pili, umbali kati ya madirisha yake mawili ni milimita 67, ilhali Zorki 4, kamera nyingine ya Kisovieti, ina 38 hivi. Madirisha yakikaa mbali zaidi, kosa dogo linaonekana kwa urahisi zaidi.

Mwenye kamera ya Canonet QL17 anaweza kufuata mantiki hii, ila itabidi afungue kifuniko cha juu, na hiyo ni siku nyingine. Yashica Electro 35 simshauri mtu anayeanza, hata ukiipata soko la Kibuye, Kisumu, kwa bei ya chapati. Ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 5.6 isiyotengenezwa tena, na bila umeme shata inabaki na kasi moja tu ya 1/500. FED haijui betri ni nini.

Hatua ya 2: Ukaguzi wa haraka

Toa lenzi, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa ziwani unaipenda sana. Kisha ingia chumba chenye giza, toa mgongo, mulika shata upande wa mbele huku ukitazama kwa nyuma. Nuru ikipenya kama nyota, kitambaa kina matundu.

Matundu hayo mara nyingi ni ya jua. Kwa kuwa hakuna kioo katikati, lenzi iliyo wazi na kuelekezwa juani hukusanya miale juu ya kitambaa na kukiunguza, kama miwani inavyounguza karatasi. Sisi tunaoishi ikweta ikitukatia mlangoni, kifuniko cha lenzi hakitoki mpaka unapotaka kupiga.

Hatua ya 3: Tengeneza kioo cha kupimia

Nenda kwa fundi wa fremu za picha, mwombe akukatie mabaki ya kioo cha milimita 2, vipande viwili vya milimita 34 kwa 50. Usijaribu kukata kioo cha kulinda skrini ya simu. Kile kimeimarishwa kwa makusudi na kitapasuka ovyo mkononi.

Sasa unahitaji upande mmoja uwe na ukungu. Wengi hubandika selotepu isiyong'aa. Inafanya kazi, ila ibandike kioo kizima bila mapovu. Ukiibandika katikati tu, ukungu utatokeza mbele ya reli na kipimo chako kitakuwa cha uongo tangu mwanzo. Mimi siipendi selotepu hata hivyo. Omba kwa fundi wa magari dawa ya kusagia valvu, ile laini, changanya na maji kidogo, weka kati ya vile vipande viwili na usugue kwa mizunguko mpaka vyote viwe na ukungu ulio sawa. Ukungu wa kusaga ni mwembamba na unaonyesha vitu vidogo ambavyo selotepu inavimeza. Halafu umepata viwili, kimoja mpe rafiki.

Hatua ya 4: Mbali kabisa

Hapa ndipo watu hupotelea, na wengi hupotea kwa sababu wanaanza na bisibisi. Utaratibu ni huu: kwanza lenzi na filamu vikubaliane, halafu ndipo dirisha lifuate. Ukigeuza, utakuwa unafundisha dirisha kurudia kosa la lenzi.

Toa mgongo. Utaona reli mbili za ndani, ambazo filamu hulala juu yake, na mbili za nje zilizoinuka kidogo. Kioo kinakaa juu ya zile za ndani, ukungu ukitazama lenzi. Kikikaa juu ya za nje, rudi kwa fundi akipunguze. Kifunge kwa mpira wa kufungia noti ili kisicheze. Koka shata, weka kasi kwenye B, ambapo shata hubaki wazi ukishikilia kitufe (kwenye FED kasi hubadilishwa baada ya kukoka, namba haisomeki sawa kabla ya hapo), fungua tundu la lenzi lote, bonyeza kitufe na ukishikilie. Mimi huweka kijiwe juu ya kitufe na kukibana kwa mpira wa pili. Kidole huchoka mapema kuliko unavyodhani.

Jifunike leso kichwani. Kwenye kioo utaona picha iliyopinduka juu chini. Itazame kwa lupu, kile kioo cha kukuzia cha fundi saa. Jicho tupu halitoshi hata kidogo, kwa maana kwa lenzi ya f/2.8 (ndilo tundu lake likiwa wazi kabisa) nafasi ya kukosea pale kwenye filamu ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kila upande.

Utazame nini? Hili nimelibishania na watu wengi. Watu wa Kisumu hukimbilia Dunga na kulenga upeo wa ziwa. Ule ni mstari uliolala, na mara nyingi umezama kwenye utusitusi. Kwa marekebisho ya kushoto na kulia haukusaidii kitu, kwa sababu mstari uliolala ukisogezwa pembeni unabaki palepale. Unachotaka ni kitu kilichosimama, chenye ukingo mkali, kilicho kilomita moja au zaidi: mnara wa simu, kona ya ghorofa, nguzo ya umeme mkubwa. Walio Nakuru watafute nguzo au mnara ulio upande wa pili wa mji. Fanya kazi asubuhi mapema. Saa nne ikishapita, mvuke wa joto unaopanda kutoka kwenye mabati hufanya mnara ucheze ngoma, na utakesha ukidhani mkono wako unatetemeka. Jioni ukiwa mjini jua linashukia upande wa ziwa na kukupiga usoni, achana nayo.

Na kama huna subira ya asubuhi, ngoja mwezi. Mwezi una ukingo mkali, uko mbali kupita kiasi, na usiku mabati yamepoa. Kwangu mwezi ndio bora kuliko mnara wowote.

Zungusha lenzi mpaka igonge mwisho wake kwenye alama ya ∞. Sasa kuna majibu matatu. Mnara umekatika wembe kwenye kioo: lenzi ni sawa, endelea. Mnara unakuwa mkali mapema, tuseme kwenye mita 15, kisha unafifia unapofika ∞: lenzi imekaribia filamu kupita kiasi. Haufikii ukali kabisa: lenzi iko mbali mno. Katika hayo mawili ya mwisho, jaribu kwanza lenzi nyingine ya skrubu ya milimita 39, hata ya kuazima. Lenzi zote mbili zikikosea namna moja, tatizo ni mwili. Chini ya pete inayoshika lenzi kuna vishimu, yaani pete nyembamba za kujazia nafasi: kuongeza kimoja kunaisogeza lenzi mbele, kupunguza kunairudisha. Pima kila mara, na skrubu za pete ile uzikaze kwa zamu, za mkabala, zisije zikaiinamisha lenzi.

Kioo kikikubali, sasa ndiyo zamu ya dirisha. Tengeneza kwanza ukali wa jicho lako kwa kile kiwiko kilicho chini ya kitufe cha kurudishia filamu. Watu hukiruka, kisha wanalaumu kiraka kwa ukungu ambao ni wa macho yao. Chungulia mnara. Kama picha mbili zimepishana juu na chini, anza na hilo: zungusha taratibu pete ya lile dirisha dogo la mviringo. Ndani yake kuna kioo chenye mteremko, kwa hiyo kikizunguka kinasogeza picha juu, chini na pembeni kwa pamoja. Ndiyo maana ukianza na kushoto-kulia utairudia kazi. Hapa ndipo ule upeo wa ziwa, au ukingo wa paa refu, unapofaa.

Kisha toa ile skrubu ndogo iliyo mbele, kati ya madirisha mawili. Tandika kitambaa cheupe chini yake, na skrubu iingie kwenye kizibo cha soda mara moja. Nyuma ya tundu lake kuna skrubu nyingine, na hiyo ndiyo inayosogeza picha pembeni. Tumia bisibisi ya fundi saa inayojaa mfereji wa skrubu. Ncha ya kisu itaukwangua na hutakuwa na pa kushika tena. Geuza kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko, halafu fanya hivi: zungusha lenzi hadi mita 1, irudishe hadi ∞, ndipo utazame. Mkono wa ndani una ulegevu kidogo, na ukitazama bila kuurudisha namna ileile kila mara, utafukuza picha mbele na nyuma hadi chai ipoe. Zikilaliana mara kadhaa mfululizo, umefika. Rudisha skrubu ya kifuniko, kisha tazama tena, kwa kuwa kukaza nako husogeza.

Wapo wanaoziba skrubu ya ndani kwa rangi ya kucha. Mimi hapana. Kamera hii itahama tena, na atakayeirekebisha atakutukana.

Hatua ya 5: Mita moja

Panga vizibo vitano vya soda mezani kwa mshazari, kila kimoja kikiwa sentimita 5 nyuma ya mwenzake. Lenga kile cha tatu kwa kiraka ukiwa mita 1, tundu likiwa f/2.8, kisha tazama kioo. Kwa lenzi ya milimita 52 ukanda wenye ukali hapo ni kama sentimita 6 tu, kwa hiyo jibu halifichiki. Kikiwa mkali cha pili au cha nne badala ya cha tatu, kosa liko kwenye ncha ya ule mkono unaogusa lenzi. Ncha hiyo hugeuzwa kidogo, lakini ukiigeuza unarudi hatua ya nne kupima ∞ upya. Huenda ukazunguka kati ya hizo mbili zaidi ya mara moja.

Hatua ya 6: Filamu

Sasa weka filamu. Mita ya mwanga haihitajiki jua likiwa kali: f/16, na kasi iliyo karibu na namba ya ISO (wepesi wa filamu kwa nuru), kwa hiyo ISO 100 ni 1/125, au 1/100 kwenye FED za awali. Chini ya mti, fungua hadi f/5.6. Fremu mbili za kwanza ziwe za vizibo vilevile, f/2.8, mita 1, mezani kivulini; nje juani kasi ya 1/500 haitoshi kwa tundu lililo wazi hivyo.

Hasi zikikauka zitazame kwa lupu ileile. Kioo kikiwa kimesema cha tatu na filamu inasema cha pili, usiguse bisibisi. Filamu haikulala bapa: angalia kama bamba la kukandamiza kwenye mgongo lina kutu au springi iliyolegea, na kama mgongo wenyewe umeingia hadi mwisho kabla hujageuza zile funguo mbili za kitako.