Kuuza bidhaa nje ya nchi: milango ya serikali ya kugonga, na uanze na upi

Wadau, watu wananiuliza sana inbox "serikali inamsaidiaje mjasiriamali mdogo kuuza nje?" na ukisoma vizuri unaona wengi wanategemea kusikia kuna hela za bure mahali. Hela zipo kwa namna yake, nitazigusa mwishoni, ila msaada mkubwa uko kwenye makaratasi. Kuna karatasi inakuondolea ushuru, kuna nyingine inakuepusha kupimwa mara mbili, na ukizifuata kwa mpangilio moja inakufungulia nyingine, ukizifuata shaghalabaghala utazunguka mjini mpaka soli ya kiatu iishe. Mimi nasindika viungo, chai masala na tangawizi ya unga, mzigo wangu mwingi unaenda Kenya, kwa hiyo mifano hapa ni ya Tanzania na ni ya vyakula.

Hatua ya 1: SIDO kabla ya kwingine

Jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na TIN (namba ya mlipakodi) hivyo unafanya mtandaoni, sivioni kama vya kuongelea sana. Ukishavipata nenda ofisi ya SIDO ya mkoa wako, hilo ni shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo. Wana mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, lakini wewe kikubwa unachofuata pale ni barua ya utambulisho. Watu wanairuka wakiona ni urasimu tu, wakati hiyo barua ndo inakupunguzia gharama hatua inayofuata.

Hatua ya 2: alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango)

Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya SIDO anahudumiwa na TBS bila malipo miaka ya mwanzo, ukaguzi na vipimo vya maabara gharama inabeba serikali. Usajili wa chakula na jengo la kusindikia nao uko TBS tangu 2019, kwa hiyo mzee akikwambia nenda TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, mshukuru tu, hiyo ni ya zamani.

Sasa faida yake mpakani ni hii: nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kutambuana alama za ubora, bidhaa yenye alama ya TBS haitakiwi kupimwa upya Kenya au Uganda. Haitakiwi, nimesema. Afisa akitilia shaka anaweza kushika mzigo, so tembea na kopi ya leseni ya alama pamoja na ripoti ya maabara ya mzigo huohuo, hasa kama unauza karanga, mahindi au kitu chochote kinachoshika sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu). Mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilivyosimamisha mahindi ya kwetu na ya Uganda, siku chache baadae wakafungua kwa masharti, moja likiwa kila mzigo uwe na cheti kuonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Aliyekuwa na karatasi za maabara tayari alipumua mapema kuliko wenzake.

Hatua ya 3: cheti cha uasili wa bidhaa (hapa tulia)

Hii ndo karatasi yenye hela. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi mwanachama, lakini lazima uthibitishe imezalishwa huku. Mzigo usiozidi dola 2,000 unatumia cheti rahisi, kinatolewa palepale mpakani na watu wa forodha, bure, na huhitaji wakala. Unafika dirishani na ankara yako, unajaza jina lako, la mnunuzi, aina ya bidhaa, kiasi na thamani, wanagonga muhuri unaendelea. Angalia kwanza bidhaa yako kama imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Na elewa kinachofutwa ni ushuru wa forodha tu, VAT ya nchi unayoingia inaweza kuwepo, ndo maana watu wanashangaa wakidaiwa hela halafu wanasema wametapeliwa wanakimbilia njia za panya, mzigo ukikamatwa huko hakuna cheti kitakachokutetea.

Ukizidi dola 2,000 cheti rahisi hakitoshi, unaomba cha kawaida na hapo wakala wa forodha anahitajika. Ulaya nako Tanzania inaingiza karibu kila kitu bila ushuru kwa sababu tuko kundi la nchi maskini zaidi, na mzigo usiozidi euro 6,000 unaandika mwenyewe tamko la uasili kwenye ankara.

Onyo: kuagiza iliki nje ukaja kuifungasha upya kwenye pakiti yenye twiga hakuifanyi iwe ya Tanzania. Hilo swali wataliuliza.

Hatua ya 4: cheti cha afya ya mimea

Kama ni mazao au viungo, nenda TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Muulize mnunuzi kwanza nchi yake inataka nini, ndo uombe, siyo kinyume chake.

Hatua ya 5: kupata wanunuzi

TanTrade, mamlaka ya kukuza biashara, ndo kazi yao, na Saba Saba pale Kilwa Road wanunuzi wa nje wanakuja kweli. Ila mimi kwa mtu mdogo naona maonesho ya wajasiriamali wadogo ya Jua Kali/Nguvu Kazi yana faida zaidi, yanazunguka nchi za Jumuiya kwa zamu, unakutana na wenye maduka wa huko kwao wenyewe. Beba sampuli ndogo zenye bei ya jumla imeshaandikwa, kwa sababu mwenye duka akikuuliza bei ya katoni ukaanza kupiga hesabu kwenye simu anahamia meza ya pili.

Hatua ya 6: mtaji

Zipo dhamana za mikopo kupitia Benki Kuu, na kwa kilimo kupitia TADB (benki ya maendeleo ya kilimo). Dhamana inamlinda benki, haikupi wewe hela, kwa hiyo muulize afisa mikopo moja kwa moja kama benki yake imo kwenye mpango, wengine hawakwambii mpaka uulize.

La mwisho ni kwa waliosajiliwa VAT: mauzo ya nje ni asilimia sifuri, na VAT uliyolipa kwenye vifungashio na malighafi unaweza kuidai TRA. Tunza nyaraka za forodha za kila mzigo kwenye faili moja na ankara yake, bila hizo madai hayaendi popote.