Namna ya kutosha kobalti kisha shaba imetoka

Bandugu banaoanza staji ku izini hapa Lubumbashi, sikieni. Kobalti ya huku iko sana mu ile jiwe nyeusi ya heterojeniti, na ukiitia asidi sulfuriki peke yake haiyeyuke muzuri, lazima uongeze metabisulfiti kidogo kidogo njo iachilie. Shaba inatoshwa mbele, kwa solva (maji ya kemikali inayokamata shaba) na umeme, ile si ya leo.

Maji inayobakia njo mali. Pulizia hewa, tia chokaa mpaka pH (kipimo cha ukali wa asidi) karibu 3,5, chuma inaanguka kama matope ya rangi ya kutu, chuja. Polepole! Mie nilishamwaga chokaa mingi mara moja ju shefu alikuwa anatukimbiza, kobalti ikaenda na matope, siku nzima bure.

Kisha panda mpaka pH 5 na kitu kutosha shaba iliyobaki (ile matope irudishe ku asidi, iko na kobalti ndani), halafu tia manyezia (unga ya oksidi ya magnesiamu) mpaka pH 8 hivi. Utaona unga ya pinki, njo kobalti yenyewe, ikikaa hewani inageuka kahawia, usiogope.

Na mawe ya Katanga zingine ziko na uranium, Shinkolobwe iko palepale upande wa Likasi, kwa hiyo pitisha kipimo cha mionzi ku kila gunia mbele ya kufunga.