Kadi Iliyofutwa Vitabuni na Kadi Zilizojaa: Pa Kuanzia kwa Anayeishi Marekani

Nchini Marekani, kadi ya mkopo ikikaa siku 180 bila kulipwa, benki huiandika vitabuni kuwa ni hasara. Hatua hiyo ni ya kihasibu tu, kwani mwenye kadi bado anadaiwa, na benki inaweza kuendelea kumdai, kumkabidhi kwa wakala wa kukusanya madeni, au kuliuza deni kwa kampuni inayonunua madeni. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wahamiaji ambao, wakisoma kwamba deni limefutwa, huacha kufungua barua zinazofuata, na mojawapo huweza kuwa wito wa mahakama.

Kabla ya kulipa hata dola moja, chukua ripoti zako za mkopo kutoka Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, kupitia AnnualCreditReport.com, ambako hutolewa bure kila wiki. Tazama nani anamiliki deni sasa, kiasi kinachodaiwa, na hasa tarehe ya malipo ya kwanza uliyoyakosa bila kuyafidia tena. Miaka takriban 7 ambayo doa la deni hilo hukaa kwenye ripoti huhesabiwa kutokana na tarehe hiyo, na kulipa hakuisogezi mbele. Iwapo deni limeuzwa na bado benki ya awali na mnunuzi wote wanaonyesha salio, lipinge kwa maandishi. Kwa kawaida kampuni ya ripoti hupewa siku 30 kuchunguza.

Wakala akipiga simu, usikubali deni wala usitoe malipo madogo ili akuache upumue. Katika majimbo mengi malipo hayo huanzisha upya muda ambao mdai anaruhusiwa kukushtaki, hata kama ulikuwa umekaribia kwisha. Ukilipinga deni kwa barua ndani ya siku 30 tangu upokee taarifa yake rasmi, sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 inamlazimu asitishe kukudai mpaka athibitishe. Ukipokea wito wa mahakama, ujibu kwa wakati, hata kama unaamini deni si lako, kwa maana asiyejibu huhukumiwa bila kusikilizwa, na mshahara wake huweza kukatwa hadi asilimia 25 ya kinachobaki baada ya makato ya kisheria, ingawa majimbo mengine humlinda zaidi.

Deni likithibitika, unaweza kuomba kulipa sehemu yake kwa mkupuo. Makubaliano yawe mkononi mwako kwa maandishi kabla fedha hazijatoka, nawe uyatunze kwa miaka. Kumbuka pia kwamba ukisamehewa dola 600 au zaidi, mdai huweza kutuma fomu ya kodi 1099-C, inayoonyesha deni lililosamehewa, na kiasi hicho huhesabiwa kuwa kipato cha kutozwa kodi. Ambaye madeni yake yalizidi mali zake wakati wa msamaha huweza kuomba nafuu ya kodi hiyo kwa fomu 982.

Kadi zilizojaa, yaani zenye salio linalokaribia kikomo, hupona haraka zaidi. Mwenye kadi zenye kikomo cha jumla ya dola 5,000 na salio la 4,000 ametumia asilimia 80, kiwango kinachoshusha sana alama ya mkopo, yaani namba ambayo wakopeshaji huitumia kupima uaminifu wake; shabaha iwe chini ya 30, na ikiwezekana chini ya 10. Hesabu nyingi za FICO, mfumo maarufu wa kukokotoa alama hiyo, zinazotumika hutazama salio la karibuni tu, kwa hiyo punguza deni siku chache kabla ya tarehe ya kufungwa kwa taarifa ya mwezi, kwani salio la siku hiyo ndilo ambalo benki nyingi huripoti. Usifunge kadi ya zamani isiyo na ada, maana kikomo chake kitatoka kwenye hesabu na asilimia uliyotumia itapanda.

Fedha zikiwa chache, kwa maoni yangu malipo ya chini kabisa yanayotakiwa kwa kadi zilizo hai yatangulie, kwa sababu ucheleweshaji mpya huumiza alama kuliko doa lililokwisha zeeka, isipokuwa pale ambapo kesi imekwisha kufunguliwa. Ukielemewa, mtafute mshauri wa madeni wa shirika lisilo la faida. Kampuni ya kusafisha ripoti inayotaka ada kabla ya kufanya kazi iepuke, kwani sheria ya shirikisho inaikataza kufanya hivyo.