SOMO: Kusikiliza ruta iliyokufa kupitia pini za UART

Wakuu, kila wiki naulizwa lilelile: "Ruta yangu inawaka taa moja tu, nifanyeje?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia uzi huu.

Ruta ikigoma kutoa mtandao, mara nyingi bado inaongea ikiwashwa. Inaongelea kwenye pini nne ndogo za ndani ziitwazo UART, njia ya waya ya kutuma na kupokea maandishi. Andaa adapta ya USB kwenda TTL, yaani ishara za volti ndogo za kwenye bodi (yenye chipu ya CH340 au CP2102 inatosha), nyaya tatu na multimita.

1. Fungua boksi. Skrubu huwa zimejificha chini ya miguu ya mpira.

2. Tafuta matundu manne yaliyopangana, ndiyo zile pini. Umeme ukiwa umezimwa, weka multimita kwenye mlio, ncha moja iguse hasi ya tundu la chaja, nyingine ipite kwenye matundu manne: linalolia ni GND (hasi). Sasa washa. Linalotulia kwenye volti 3.3 ni VCC (umeme), linalochezacheza sekunde za mwanzo ni TX (inapoongelea). Lililobaki ni RX (inaposikilizia).

3. Jampa ya adapta. Hapa ndipo nilipolia. Adapta nyingi zina kijipande cha plastiki cha kuchagua volti 5 au 3.3. Yangu ilitoka dukani ikiwa kwenye 5, nami nikachomeka bila kutazama. Maandishi yakaja vizuri kabisa, nikafurahi. Kubonyeza kitufe nisimamishe U-Boot (programu ndogo inayoiwasha ruta), kimya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha kompyuta, usiku ukaisha. RX ya ruta ilikuwa imeungua: inaongea ila haisikii, na ruta ilikuwa ya mteja. Pima TX ya adapta yako kwa multimita KABLA haijagusa bodi. Usiamini maandishi ya kwenye adapta, nyingine jampa inabadilisha VCC peke yake na TX inabaki palepale.

4. GND kwa GND. TX ya ruta iende RX ya adapta, na RX ya ruta iende TX ya adapta. VCC usiiunganishe, ruta ina chaja yake.

5. Programu ya kusomea maandishi: Windows tumia PuTTY. Linux: picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0

6. Washa ruta, soma. Zikija herufi za ajabuajabu, kasi (ile 115200) siyo. Jaribu 57600, 38400, 9600. Ukiona "Bad Data CRC", programu iliyomo kwenye flashi imeharibika, hiyo inaponyeka. Ukiona "Unable to mount root fs", keneli (moyo wa mfumo) imewaka ila haikukuta mafaili yake.

MASWALI

kijana_wa_waya: Mkuu nimeunganisha haitoi kitu. Msaada wa haraka.

Jibu: Umepima nini? Hatua ya 2 na ya 4, kisha rudi na namba.

kijana_wa_waya: Sina multimita.

Jibu: Basi bado hujaanza.

mzee_redio: Ninayo kompyuta ya zamani yenye tundu la pini tisa. Siwezi kutumia hilo bila adapta?

Jibu: Hapana mzee wangu, utachoma bodi. Lile ni RS-232, linapanda na kushuka mpaka volti 12 chanya na hasi, na ishara yake imegeuzwa kinyume cha TTL. Ukiweka MAX3232 (chipu ya kubadilisha ishara hizo) katikati, sawa.

binti_saketi: Maandishi nayaona, ila nikiandika haipokei. Natumia minicom, programu ya Linux kama picocom. Nimeshaunguza RX?

Jibu: Usikate tamaa dada, swali zuri. Andika minicom -s, ingia mpangilio wa mlango, weka "Hardware Flow Control" iwe No. Ikiwa Yes, minicom inasubiri ruhusa ya waya ambao hujaunganisha. Ningejua hili mapema ningelala usiku ule, japo yangu kweli ilikuwa imeungua.

binti_saketi: Imekubali! La pili: ESP8266 (chipu ndogo ya Wi-Fi) ikiwashwa inatoa takataka kidogo, kisha inanyooka. Kwa nini?

Jibu: Mistari ya mwanzo inatoka kwa kasi ya 74880. Chipu inahesabu 115200 ikidhani kristali (inayompigia chipu mapigo ya saa) ni ya MHz 40, kumbe bodi nyingi zimewekwa ya 26. Zidisha 115200 kwa 26, gawa kwa 40, utaipata.

fundi_pembeni: Nyongeza: ukishalehemu, tia tone la gundi ya moto juu ya nyaya. Zikivutwa zinang'oka na shaba ya bodi.

Jibu: Kweli kabisa. Na kutoka picocom ni Ctrl-A kisha Ctrl-X, msizime kompyuta.