Ovadraivi kwenye Land Rover 109: iingize lini, itoe lini

Wenye Land Rover za zamani, hasa 109 (ile ndefu), naona wengi mna ile liva ndogo ya ovadraivi ya kampuni ya Fairey, yaani gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini kwa spidi ileile, pale chini karibu na liva za fo-wili ila imekaa tu kama pambo, au mtu anaiingiza akitoka Tabora mjini anaisahau humo mpaka Nzega. Mimi yangu naitumia hivi.

Kwanza oili. Ovadraivi hii imefungwa nyuma ya transfa (lile boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) na ina oili yake yenyewe, kidogo tu, haichangii na giaboksi. Paki sehemu iliyo sawa, fungua nati ya kujazia, weka oili ya gia ya EP90 mpaka ifike usawa wa tundu. Ikipungua inaanza kulia, na ukisikia inalia usiendelee na safari.

Barabarani sasa. Fika gia namba nne, spidi kama 60 au 70, lami imenyooka. Achia mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, sogeza liva taratibu, usiilazimishe, ikigoma subiri kidogo mizunguko ishuke itaingia. Achia klachi. Mlio unashuka palepale, maana mizunguko iliyokuwa inakupa 70 sasa inakupa karibu 90. Ila usiikimbilie hiyo 90, breki za 109 unazijua mwenyewe, baki na 70 yako injini ipumzike.

Kutoa ndo wengi mnakosea. Haiongezi nguvu hii kitu, inapunguza! Ukiona mlima itoe kabla hujaanza kupanda: klachi, rudisha liva, gusa mafuta injini ichangamke, ndo uachie klachi. Siku moja natoka Sikonge na madumu ya asali uvivu ukanishika nikapanda nayo hivyohivyo, gari ikatetemeka mpaka madumu yanagongana huko nyuma, geji ya joto ikapanda, nikaishia kukaa chini ya mwembe nusu saa nzima nasubiri injini ipoe.

Gia tatu nayo unaweza, inakuwa kama tatu na nusu hivi, tamu ukiwa mtupu. Ukiwa na mzigo achana nayo. Moja na mbili mi siigusi kabisa.

Wenye MGB, Triumph au Volvo za kizamani, ovadraivi yenu ya swichi ni ya kampuni ya Laycock, inaingia kwa umeme na presha ya oili, klachi sio lazima. Ila kupiga rivasi ikiwa imeingia ni kuiua. Kwenye giaboksi kuna swichi ya kuzuia hilo, lakini gari la miaka 50 mafundi wameshakata nyaya mara ngapi, we hakikisha umeizima kwa mkono wako.