Kuutazama Mto Tana ukijaa, kutoka kwenye ndege ndogo

Tafuta ndege yenye bawa juu: Cessna 172, 182 au 206. Zenye bawa chini, kama Piper Cherokee, humwonyesha abiria bawa kuliko mto. Kwenye 172 mtazamaji akae nyuma ya rubani, upande wa kushoto, ili wote wawili wawe na mto upande mmoja na rubani aone anakogeukia. Kupiga picha na kuandika ni kazi ya mtazamaji peke yake.

Kutoka Malindi, mji wa Garsen ulio kando ya mto uko karibu kaskazini kamili, kama maili 57 za baharini. Mji wa Hola, juu zaidi mtoni, ni maili 46 mbele yake. Kwa kasi ya noti 105 (maili za baharini kwa saa), kwenda na kurudi ni saa mbili. Ongeza saa moja ya kuzunguka. 172 hunywa takriban lita 35 kwa saa, kwa hiyo beba lita 105 na akiba ya dakika 45 juu yake. Wakati wa masika, kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza kuvuma: hukusukuma ukienda, hukuzuia ukirudi, na hesabu ya mafuta iliyofanywa kwa safari ya kwenda tu hukuumbua njiani. Viwanja vya udongo vya kandokando ya mto usivitegemee. Vikilowa hunasa magurudumu.

Ruka mapema, uwe juu ya mto kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, kabla joto halijainua mawingu na korongo hawajaanza kupaa. Peleka mpango wa safari, soma notamu (matangazo ya tahadhari kwa marubani), na taja mahali ulipo redioni mara kwa mara. Wakati wa mafuriko helikopta za uokoaji hupita chini sana; zipishe.

Kaa futi 1,000 juu ya ardhi, na 1,500 juu ya vijiji. Ukienda kaskazini, pita mashariki ya mto: jua liko mgongoni mwa mtazamaji, na rangi ya maji inasomeka. Ukirudi, pita magharibi: sasa jua linakujia usoni, na maji yaliyojificha chini ya nyasi na vichaka yanametameta. Eneo lililoonekana kijani kavu wakati wa kwenda huenda likawa ziwa zima.

Ukubwa wa maji haukuambii kama mto bado unapanda. Tazama kingo. Maji yakigusa nyasi safi bila mstari wa tope juu yake, yanapanda. Ukiona ukanda wa tope mbichi kwenye kingo na mashina ya miembe, yameanza kushuka. Kisha tazama midomo ya yale maziwa ya upinde, mikono ya zamani iliyoachwa mto ulipobadili njia. Ulimi wa maji ya kahawia ukiingia kwenye maji meusi yaliyotulia, mto bado unamwaga nje. Maji meusi yakitoka kurudi mtoni, unapungua. Andika saa na mahali. Wimbi la maji kutoka juu huchukua siku kadhaa kushuka, hivyo Hola inaweza kuwa inapungua huku Garsen ikipanda.

Pita moja kwa moja kila inapowezekana. Ukilazimika kuzunguka, noti 85, flapu (vibao vya nyuma ya bawa) digrii 10, na ndege isilale ubavu zaidi ya digrii 30. Ikilala 45, kasi ambayo bawa hupoteza uwezo wa kuinua hupanda asilimia 19. Ikilala 60, asilimia 41. Hatari yenyewe huja upepo ukiwa mgongoni: ardhi inakimbia, rubani anadhani ana kasi ya kutosha, anapunguza nguvu na kuvuta usukani ili asipitwe na kijiji. Tazama kipima kasi, acha ardhi ikimbie. Ukipitwa, nyoosha, panda, uje upya.

Kwa picha, lenzi iwe karibu na dirisha bila kuligusa, kwa sababu mtikisiko huharibu picha. Toa kichujio cha polaraizi, kile cha kukata mng'ao, maana plastiki ya dirisha huchora upinde wa mvua.

Ukitaka kufika Kipini, kwenye mdomo wa mto, angalia kwanza jedwali la kujaa na kupwa kwa bahari. Bahari ikijaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, huzuia mto kumwaga, na eneo la chini la delta hutanda maji hata kama Garsen imeshaanza kukauka. Rudia kupita hapo maji yakitoka, ndipo ulinganishe.